Laini ya Saba

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa tano kasoro dakika tisa asubuhi. Kwenye ripoti waliiandika "siku ya tukio." Mzee Spana hakuwahi kuiita hivyo. Yeye alisema "Jumanne ile," na mtu akiuliza Jumanne ipi, alimtazama kama mtu aliyeuliza jua ni lipi.

Spana lilikuwa jina la kazi. Alikuwa fundi wa mabomba wa hospitali miaka ishirini na saba, na jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Jumanne ile alikuwa ghorofa ya tatu, amelala chali chini ya sinki la choo cha mkurugenzi. Bomba lilikuwa likidondosha tone moja kila dakika, na tone hilo, mkurugenzi alisema, lilikuwa likimharibia mawazo. Chini kabisa, chini ya ghorofa zote, mkewe alikuwa peke yake kwenye chumba cha kufulia. Wenzake watatu walikuwa wamepandisha mashuka wodini. Kifua kikambana. Alikuwa ndani ya jengo lenye madaktari kumi na wanane na mashine za kupima moyo zenye magurudumu, na ukutani, kushoto kwa mlango, kulikuwa na kitufe chekundu cha dharura ambacho hata mtoto wa chekechea angeweza kukibonyeza. Alikutwa saa tano na robo, chini ya kitufe hicho, kichwa kikiwa juu ya lundo la foronya.

King'ora hakikulia.

Ripoti ilikuja baada ya wiki sita, ukurasa mmoja na nusu. Mzee Spana aliishia darasa la nne, lakini ile aliisoma mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa. Ilisema mfumo wa kengele "ulikuwa katika hali ya kawaida." Ilisema marehemu "hakupata nafasi ya kubonyeza kitufe." Ikamaliza kwa kutoa pole.

Pole aliipokea. Lililomkaa kooni ni hilo la "hakupata nafasi." Mwanamke yule alimjua kwa miaka thelathini na mmoja. Akiona mende, mtaa wa pili walijua. Akinusa kitu kinaungua, hata kama ni kwa jirani, alitoka na mwiko kugonga mageti. Leo kifua kimbane, kitufe kiko juu ya kichwa chake, halafu akae kimya kama mgeni?

"Alibonyeza," alimwambia kila aliyetaka kusikia na kila asiyetaka. "Alibonyeza, wakubwa wakaziba masikio."

Wakubwa, kwa Mzee Spana, walikuwa watu wa aina moja tu: watu wa viti vya kuzunguka. Ndiyo maana ukiwauliza jambo wanakupa mgongo bila kuinuka. Alikwenda ofisini kwao mara nane. Huyu alimtuma kwa yule, yule akamrudisha kwa huyu, na wote walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mara ya tisa hakwenda. Aliacha tu kuwasalimia, na kwenye hospitali ile, ambako hata paka husalimiana, hilo lilikuwa tusi zito.

Na tangu Jumanne ile hakukanyaga tena chumba cha kufulia. Bomba la huko likivuja, alimtuma mwenzake.

Nyumbani walibaki wawili: yeye na mkwewe. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, aliyekuja nyumbani siku nne kila baada ya wiki tatu, akila, akilala na kuuliza kwa nini nyumba iko kimya. Iko kimya kwa sababu baba mkwe na mkwe wasio na mtu katikati yao hawana pa kuanzia. Binti huyo, mke wa mwanawe, alikuwa fundi wa kampuni ya kengele za dharura, mtu wa kutembea na laptopu begani na bisibisi mfukoni. Mzee Spana alimbandika jina la Bi Kompyuta, na hakulisema kwa upendo.

Hata hivyo kila asubuhi alikuta kikombe chake cha chai mezani, kimefunikwa kwa kisosi kisipoe. Na kila mara kiatu cha Bi Kompyuta kilipoachia soli, kesho yake alikikuta mlangoni kimegundishwa na kupigwa misumari mitatu midogo. Hakuna aliyemshukuru mwenzake kwa sauti. Waliishi hivyo miaka miwili.

Siku moja akiwa anamimina chai, mkwe akasema, "Baba, kampuni yetu imepata kazi pale hospitalini kwenu. Tunabadilisha mfumo wote wa kengele."

Mzee Spana alikoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa. "Wamekutuma wewe?"

"Niliomba mwenyewe."

"Hm." Akanywa. "Basi jitayarishe. Watakuvisha kilemba cha ukoka. Watakuita mtaalamu, mtaalamu, mpaka usaini."

"Sisaini nisichokijaribu, baba."

"Ndivyo wanavyosema wote, kabla hawajapewa kalamu."

Jumatatu Mzee Spana alikabidhiwa ufunguo wa kila mlango na kuambiwa amsindikize fundi wa kengele, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kila bomba na kila waya unapopita. Paneli ya zamani ilikuwa kwenye chumba chembamba nyuma ya walinzi: sanduku la chuma lenye taa ndogo ndogo, nusu yake zimekufa. Mzee Spana alitegemea kuliona likivunjwa. Alikuwa amejiandaa hata kulipiga teke la kuliaga. Lakini mkwe alikaa mbele yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, akachomeka waya, na kwa saa nzima hakugusa kitu kingine.

"Unaliuguza?"

"Nachukua nakala, baba. Mipangilio yake yote na kumbukumbu zake zote. Hata kama ni takataka, tunanakili kwanza. Ukishafuta huna tena wa kumuuliza."

"Linakumbuka nini, sanduku hili?"

"Kila kitu lilichofanyiwa. Ila linaandika kwa namba zake, itanichukua siku mbili tatu kuzifungua." Akatandaza mchoro wa waya sakafuni, akauzuia na spana ya mzee upande mmoja na kiatu chake upande wa pili. "Hebu nisaidie hapa. Laini ya saba. Kule chini, kwa wafuaji. Kwa nini imewekwa kalamu nyekundu?"

Mzee Spana aliweka funguo sakafuni. Kisha akaeleza. Kwenye dari la chumba cha kufulia kulikuwa na kidude cha kunusa moshi, ambacho wafuaji walikiita Pua. Pua ile haikuweza kutofautisha moshi na mvuke. Mashine kubwa ya pasi ikifunguliwa, mvuke unapanda, Pua inapiga kelele, jengo zima linakimbia. Ilikuwa hivyo mara mbili kwa siku. Wagonjwa wa presha walipandwa na presha, wakunga waliapa watahama.

"Wakafanyaje?"

"Wakubwa? Wao walisema wamelishughulikia. Kelele zikaisha."

Mkwe aliufuata waya kwa kidole, kutoka kwenye Pua, ukashuka ukutani, ukafika kwenye kitufe chekundu, ukarudi. Waya mmoja. Hapo kidole kikasimama.

Mzee Spana hakujua kusoma mchoro wa umeme. Mabomba aliyajua. Akainama, akatazama mstari ule, na akauona kama anavyoona bomba.

"Hii ni kama valvu moja inayolisha jikoni na bafuni," alisema taratibu. "Ukitaka kuzuia maji ya jikoni, ukaifunga, bafuni nako hakuna maji."

"Ndiyo, baba. Ni hivyo hivyo."

"Kwa hiyo waliifunga valvu."

"Sijasema waliifunga. Nimesema kwa ulivyopangwa, ingewezekana."

"Umeshaanza kuongea kama wao," alisema Mzee Spana, akachukua spana yake. Mchoro ukajikunja wenyewe.

Jioni ile mzee alikula upesi, akaingia chumbani kwake. Asubuhi chai ilikuwa mezani, imefunikwa.

Jumanne alasiri Bwana Utawala, mmoja wa wakubwa watano wa hospitali, alikuja kukagua. Alikuwa mtu wa tai nyembamba na salamu za haraka, aliyesimama mlangoni ili asichafuke.

"Mtaalamu! Naona kazi inasonga. Sasa, Ijumaa tuna wageni wakubwa, hatutaki vurugu. Ile ya kwa wafuaji izime, kama zamani."

"Kama zamani vipi, bosi?"

"Ilikuwa tunaizima tu. Mvuke, unajua. Halafu neno la siri liwe moja, tusisumbuane. Lilikuwa moja, sisi wote watano tunalo. Jina tunaandika MKUBWA, basi, unaingia."

"Wote watano mnaingia kwa jina moja?"

"Ni rahisi zaidi." Akacheka. "Sisi si watu wa kompyuta kama ninyi."

Mzee Spana alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango akikaza bomba la waya. Bwana Utawala hakumwona, au alimwona kama anavyoona ndoo. Alisikia "kama zamani," na mkono wenye spana ukainuka wenyewe. Hakujua alitaka kufanya nini. Alijua tu kwamba mkwe, bila kugeuka, alirudisha mkono nyuma na kushika ncha ya shati lake kwa vidole viwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, na akaendelea kuliminya mpaka viatu vya Bwana Utawala vilipoishia koridoni.

"Umesikia?" Mzee Spana alinong'ona. "Umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia, baba."

"Halafu utaizima?"

"Baba." Aligeuka sasa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nipe mpaka kesho. Nataka kwanza nimalize mambo mawili."

Bosi wake alimpigia simu saa kumi. Mzee Spana alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Ndiyo, bosi. Najua wao ndio wateja. Hapana, vitufe kumi havitoshi. Vyote. Kwa sababu kitufe ambacho hakijabonyezwa na mtu ni pambo la ukutani. Basi nikate mshahara, bosi, lakini nitabonyeza vyote.

Vitufe vilikuwa tisini na sita, vyote vipya, vilivyofungwa na mafundi wenzake tangu wiki iliyotangulia. Jumatano asubuhi mkwe aliwatangazia walinzi, manesi na wapishi kwamba wanajaribu, akabandika karatasi kila mlango, akamweka mlinzi mmoja na filimbi kwenye ngazi iwapo dharura ya kweli ingetokea katikati. Akaiambia programu kwamba majaribio yataisha saa kumi kamili, na ikifika saa hiyo mashine ijirudishe kazini yenyewe, awepo mtu au asiwepo.

"Kwa nini usirudishe kwa mkono?" aliuliza mzee.

"Kwa sababu mtu husahau. Mimi pia nasahau."

Mzee Spana hakuwahi kumsikia mtu wa kampuni akisema hivyo. Akachukua redio ya mkononi bila kuombwa, akaning'iniza funguo kiunoni, akaondoka.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kusema. Yeye anabonyeza, mkwe anasoma kwenye paneli mpya, majina yakilingana wanaweka alama. Kwenye paneli ile mpya kila kitufe kilikuwa na jina lake na kila pua na jina lake, hakuna tena kufungwa pamoja kwenye waya mmoja.

"Wodi ya wazazi, pembeni ya mizani."

"Wodi ya wazazi, pembeni ya mizani. Nimeiona, baba."

"Jikoni, mlango wa nyuma. Mpishi anasema ukija leo utakuta ukoko."

"Mwambie aniwekee."

"Choo cha mkurugenzi."

"Choo cha mkurugenzi kina kitufe?"

"Viwili. Kimoja juu kimoja chini, asije akaanguka."

Akasikia kicheko chake redioni, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, na yeye mwenyewe akajikuta anatabasamu mbele ya kioo cha mkurugenzi, peke yake, kama mwehu.

Saa nane vilikuwa vimebonyezwa tisini na vitano. Mzee Spana alikaa kwenye ngazi ya saruji inayoshuka chini. Harufu ya sabuni na mvuke ilimpanda mpaka kwenye macho.

"Baba," redio ikasema. "Kimebaki kimoja."

"Najua."

"Naweza kumtuma mlinzi."

Alizipapasa funguo kiunoni.

"Au nishuke mimi, wewe uje ukae hapa."

"Nikae hapo nifanye nini? Herufi zako ndogo kama chawa, nitazisoma na macho gani?" Alikohoa. "Kaa hapo hapo. Usiondoke hapo."

"Siondoki, baba."

Akashuka. Vidato kumi na vinne, alivijua, yeye ndiye aliyeweka reli ya kushikia. Wafuaji walikuwa watatu, wale wale. Mkubwa wao, mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani, alimwona wa kwanza, akaachia shuka.

"Shemeji! Leo umepotea njia?"

"Nimetumwa kazi."

"Ungetumwa zamani. Bomba letu linavuja mwaka wa pili, unatuletea yule mwenzako anayekaza bomba kama anafunga kamba ya kiatu." Kisha akaona redio, akaona macho yake yanaenda wapi, na mzaha ukamkatikia mdomoni. Akawageukia wenzake. "Sogezeni hayo mashuka. Mpisheni shemeji apite."

Darini Pua ya zamani haikuwepo. Mkwe alikuwa amefunga kidude kingine, kinachopima joto na kisichojali mvuke. Ukutani, kushoto kwa mlango, kitufe kilikuwa kipya, na chini yake kikaratasi chenye mwandiko aliouona kwenye orodha ya sokoni iliyobandikwa nyumbani: Chumba cha kufulia, chini.

Alisimama mbele yake kwa muda. Alijua kinapimwa kwa kidole tu, nguvu kidogo, mara moja. Sakafu ilikuwa ile ile. Alijikuta anasogeza mguu pembeni, kama mtu anayeogopa kumkanyaga aliyelala.

Akabonyeza.

Kwa sekunde moja hapakuwa na kitu ila mvuke ukipumua. Kisha redio ikakwaruza.

"Chumba cha kufulia. Chini. Kushoto kwa mlango." Sauti ilisita. "Nimekusikia, baba."

Mzee Spana alikaa juu ya lundo la mashuka safi, akajifunika uso kwa kofia yake. Yule mwanamke mnene hakumgusa wala hakumwambia nyamaza. Alikwenda kwenye mashine ya pasi akaiwasha, ile kubwa yenye ngurumo, bila shuka hata moja ndani, ili mtu aliye ngazini asisikie chochote.

Saa kumi na nusu mkwe alimkuta nje, kwenye benchi la nyuma karibu na matangi ya maji. Alikaa, si karibu sana, akaweka karatasi moja katikati yao.

"Nilifungua kumbukumbu za paneli ya zamani tangu jana jioni," alisema. "Nilitaka kwanza kitufe kile kifanye kazi, uhakikishe kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo nikuoneshe hii. Kama nimekosea kuchelewa, nisamehe."

"Nisomee."

"Unaweza kusoma, baba."

"Nisomee wewe."

Akasoma, kidole kikitembea chini ya kila mstari ili naye aone.

"Jumanne, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, laini ya saba imezimwa. Saa tano kasoro dakika tisa, kitufe laini ya saba kimebonyezwa, hakijatumwa. Saa tano kasoro dakika nane, kimebonyezwa, hakijatumwa. Saa tano kasoro dakika mbili, kimebonyezwa, hakijatumwa." Kidole kikashuka mstari wa mwisho. "Saa sita kasorobo, laini ya saba imewashwa."

"Saa sita kasorobo," alisema Mzee Spana, "alikuwa ameshabebwa."

"Ndiyo, baba. Mtu alikuja akaiwasha baadaye. Ndiyo maana ripoti ikasema hali ya kawaida."

Angetegemewa kulipuka hapo. Mkwe alikuwa amejiandaa kwa hilo, hata chupa ya maji alikuwa nayo. Lakini mzee alikuwa amerudi kwenye mistari ya katikati, na midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Mara mbili za haraka," alisema. "Halafu kimya. Halafu moja."

"Ndiyo."

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita kula." Alicheka, na machozi yakapata njia kwenye mikunjo ya kicheko. "Nikiwa nyuma ya nyumba na mabomba yangu. Anaita mara mbili, fasta fasta, kama nyumba inaungua. Halafu ananyamaza, anajua nimesikia ila najivuta. Anakaa, anakaa... halafu moja ya mwisho, ya hasira. Muulize mumeo. Huyu ni yeye, mwanangu. Hata ungeniletea karatasi hii bila siku na bila namba, ningekwambia huyu ni nani."

Lilikuwa neno jipya hilo, mwanangu, na wote wawili walilisikia.

"King'ora kingelia," aliendelea baadaye kidogo, "wa kwanza kushuka na funguo ningekuwa mimi. Ndiyo sheria ya hapa, fundi wa zamu anakimbilia mlango. Na yeye alijua. Alikuwa ananiita mimi."

Mkwe hakusema "usijilaumu." Alisogea tu mpaka bega lake likagusa bega la mzee, wakakaa hivyo wakitazama matangi.

"Nani aliyeizima?"

"Imeandikwa MKUBWA. Watu watano, jina moja. Mashine haiwezi kuwatofautisha." Aliikunja karatasi kwa uangalifu na kumpa. "Kesho nawakabidhi mfumo. Wote watano watakuwepo. Uwepo na wewe. Unahitajika kufungua mlango."

Alhamisi saa tatu wakubwa watano walikaa upande mmoja wa meza ndefu, Bwana Utawala mwanzo, mkurugenzi mwisho, katikati yao wengine watatu na madaftari yasiyoandikwa kitu. Mzee Spana alifungua mlango, kisha hakutoka. Alisimama na funguo zake chini ya saa ya ukutani.

Mkwe aliwaeleza kwa maneno mepesi. Akampa kila mmoja zamu ya kuandika jina lake mwenyewe na neno lake mwenyewe la siri, wengine wakigeuza uso. Hilo liliwachukua muda, maana mmoja alisahau lake kabla hajalimaliza.

"Vizuri sana, mtaalamu," alisema Bwana Utawala. "Sasa ile ya wafuaji, kwa ajili ya kesho."

"Inawezekana, bosi. Karibu." Alimsogezea laptopu. "Bonyeza hapa. Itakuuliza jina lako na sababu. Itazima kipima joto peke yake kwa saa moja, halafu itajiwasha. Itaandika kwamba ni wewe, na itawatumia ujumbe hawa wanne."

"Na kitufe?"

"Kitufe hakizimiki. Nimeufunga uwezo huo kwa kila mtu. Hata mimi peke yangu siwezi."

Kidole cha Bwana Utawala kilikuwa kimeshafika karibu na kioo. Kikabaki hewani. Alimtazama jirani yake, jirani akatazama daftari. Laptopu ikasogezwa kwa upole kwa mwenzake wa kushoto, naye akaisogeza kwa mwingine, kama sahani ya chakula kisichopendwa na mtu, mpaka ikafika kwa mkurugenzi.

"Nadhani," alisema mkurugenzi, "tuiache kama ilivyo."

"Asante, bosi. Naomba saini hapa."

Akasaini. Wote watano wakasaini. Chumba cha kufulia kilikuwa salama, na Mzee Spana alijua ndicho alichokuja kukiona, na angeweza kuufunga mlango na kurudi kwenye mabomba yake. Badala yake alitembea mpaka mezani, akaitoa karatasi mfukoni, akaitandaza mbele yao, na kuilainisha kwa kiganja. Miaka miwili alikuwa amewatungia matusi watu hawa, mengine ya kiwango cha juu kabisa. Akayatafuta. Hakuyaona. Mkwe alikuwa amekuja kusimama karibu naye.

"Shikamooni," alisema, kwa kuwa ilikuwa muda mrefu hajawasalimia, ingawa wawili kati yao aliwazidi umri. Hakuna aliyejua aitikie au asiitikie. "Huyu hapa ni mke wangu. Mstari huu, na huu, na huu. Ameita mara tatu. Mtasoma wenyewe, mnajua kusoma kuliko mimi."

Walisoma. Bwana Utawala alilegeza tai.

"Na hapa juu, saa mbili na dakika kumi, ni mmoja wenu. Sijui yupi. Sikuja kumfunga mtu, wala simtaki anipigie magoti. Nimechoka kuchukia watu watano wakati mkosaji ni mmoja." Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole, kama anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi. "Nataka kujua kitu kimoja tu, ili nipate kulala. Asubuhi ile, kidole chako kilipokuwa juu ya kitufe cha kuzima, kabla hujakibonyeza, ulikumbuka kwamba kule chini kuna watu?"